Kutu ukiifunika inaendelea kula: maswali yenu kuhusu gari za zamani

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya kutu kwenye gari zenye umri, nikasema kutu unayoiona kwa nje ni ile iliyokwisha shiba kwa ndani, basi maswali yamemiminika mpaka nimeamua ukurasa wote wa leo uwe wa kutu. Nimeyafupisha manake mengine yalikuwa marefu, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo fundi. Nina sidani ya 1991, injini haina shida, tatizo ni bodi. Mwaka jana milango miwili ilitokeza vipele vya kutu kule chini, nikaipeleka gereji wakapiga msasa wakaweka puti wakapaka rangi, ikatoka inang'aa. Haijafika hata miezi nane vipele vimerudi palepale, na vimeongezeka. Rangi ilikuwa mbovu au niliibiwa?

Marahaba mwanangu. Rangi yenyewe huenda haikuwa na kosa lolote, kosa ni kwamba walitibu upande usioumwa.

Chuma kinahitaji vitu viwili tu ili kishike kutu, maji na hewa, na chumvi ikiingia hapo mambo yanakwenda mbio, kwa sababu maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri na kutu kwa asili yake ni kazi ya umeme mdogomdogo unaotembea juu ya chuma kilicholowa. Kutu ikishazaliwa inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, ndo maana inaisukuma rangi mpaka inavimba kipele. Aluminiamu nayo hewa inaishika, ila yenyewe inatoa ngozi nyembamba iliyoshikamana vizuri ambayo inaziba isiendelee, wakati kutu ya chuma ni unga wenye matundu, unanyonya maji na kuyakalisha pale pale, kwa hiyo palipo na kutu panazidi kuwa na kutu.

Sasa mlango unaanzaje kuoza kwa chini? Kila mvua ikinyesha, au ukiosha gari, maji yanapita kwenye ule mpira wa kioo yanaingia ndani ya mlango. Hiyo siyo hitilafu, waliounda gari waliutengeneza hivyo wakijua, na ndo maana chini ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji. Vitundu vikiziba, kwa tope au majani makavu au, na hii nimeiona mara nyingi mno, fundi rangi akivipaka rangi au kuvifunga kwa silanti, yani gundi ya kuzibia, akidhani anasaidia, maji yanabaki ndani ya mlango siku na wiki. Chuma kinaliwa kutoka ndani kwenda nje, siku unayoona kipele ujue bati pale limebaki kama karatasi. Wewe ukaletewa puti kwa juu, na puti inanyonya unyevu, ni kama umeitandikia kutu godoro lililolowa.

Kwa hiyo rudi mwanzo. Fungua paneli ya ndani ya mlango, ile yenye kitasa na kiegemeo cha mkono, ingiza tochi uangalie mshono wa chini. Zibua vitundu vyote kwa waya laini au kijiti, suuza ndani kwa maji safi mpaka yatoke bila tope, alafu acha mlango wazi ukauke kabisa, na kukauka kabisa siyo nusu saa, ni siku mbili tatu za jua au feni. Ukikuta bati limetoboka hapo hakuna dawa ya kupaka, linakatwa na kuchomelewa jipya, nitalisemea hilo chini.

Kama bado ni zima, kwa nje toa puti yote ya zamani na rangi kwa grainda au msasa mkavu, vaa miwani na barakoa tafadhali, waya za brashi zikikatika zinaruka zinaingia machoni. Usiishie pale kipele kinapoishia, endelea mbele angalau upana wa vidole viwili kila upande mpaka uone chuma kinachong'aa, manake kutu inatambaa chini ya rangi ambayo kwa macho bado ni nzima. Ukiona vidoti vyeusi vimebaki ndani ya chuma hiyo bado ni kutu, usiiache. Futa kwa thina, usipapase tena kwa mkono mtupu maana jasho lina chumvi, na siku hiyohiyo paka praima ya epoksi, yani rangi ya kwanza inayoziba chuma. Siku hiyohiyo nimesema! Chuma kitupu kikilala usiku mmoja kwenye unyevu asubuhi unakikuta kimeanza wekundu. Puti kama inahitajika inakuja juu ya epoksi, haikai juu ya chuma kitupu na wala haikai juu ya kutu, alafu ndo praima ya kusawazishia, rangi, na vanishi.

Na praima ya kawaida ile ya kijivu usiiamini peke yake. Ina vinyweleo, maji yanapita. Nimeona gari nyingi zimeachwa na praima miezi mitatu mwenye gari anatafuta hela ya rangi, chini yake kutu inafanya kazi kama kawaida. Kama hela haipo kwa sasa, paka epoksi tu na utulie.

Rangi ikishakauka vizuri, rudi ndani ya mlango upulizie nta maalumu ya sehemu za ndani, inauzwa kwenye kopo lenye mrija mrefu, mrija unaingia hadi kona na nta inatambaa yenyewe kwenye mishono. Ukimaliza pitisha tena kile kijiti kwenye vitundu, nta nayo inaweza kuviziba.

Fundi, baba yangu alikuwa anapaka oili chafu chini ya pikapu yake kila mwaka na ile pikapu ilidumu. Na mimi nifanye hivyo hivyo?

Naelewa, na siwezi kusema marehemu wazee walikuwa wajinga, mafuta yakifunika chuma maji hayagusi chuma, hilo ni kweli tupu. Ila oili iliyotoka kwenye injini siyo mafuta tu, imebeba asidi na maji yaliyotokana na kuungua kwa mafuta, pamoja na vipande vidogo vya madini, yani unapaka kinga iliyochanganywa na kile unachokimbia. Inavimbisha na kulegeza bushi na mipira ya chini, ikidondokea diski za breki unaweza usisimame, ikigusa ekzosi ya moto inatoa moshi na inaweza kushika moto, inayobaki inadondoka ardhini na mwisho iko kwenye maji tunayotumia. Na ngozi yako pia, kuishika kila mara siyo salama.

Wazo la baba ni zuri, badilisha tu dawa. Zipo za kupulizia zinazotokana na lanolini, yani mafuta ya sufu ya kondoo, na zipo za nta. Zinabaki laini, hazikauki zikapasuka, na zikikwaruzwa kidogo zinajirudia zenyewe kufunika. Kasoro yake ni kwamba zinaoshwa polepole na maji ya barabarani, inabidi urudie kila mwaka. Baba alikuwa anarudia kila mwaka, si ndiyo? Mimi naamini kule kurudia, na kule kuingia chini ya gari kila mwaka na tochi, ndiko kulikoiokoa ile pikapu.

Wengi pia mmeuliza kuhusu ile lami nyeusi nzito ya kupaka chini ya gari. Kwenye chuma kipya kisafi ni nzuri. Kwenye gari ya miaka thelathini yenye kutu tayari mimi siipendi kabisa. Inakauka, inapasuka nyufa nyembamba, maji yanaingia kwenye ufa na hayatoki, kwa nje unaona weusi mzuri sawasawa na kwa ndani chesisi inaliwa. Kama ipo tayari kwenye gari yako, igongegonge kwa mpini wa bisibisi, pale inapotoa sauti ya utupu au inapobanduka, ibandue yote mpaka ufike palipo shikamana.

Habari za kazi fundi. Sakafu upande wa dereva ina tundu la ukubwa wa kiganja. Fundi mmoja kaniambia ataweka faiba na gundi, mwingine anasema lazima kuchomelea. Nimsikilize nani dada yako?

Nzuri dada. Msikilize wa pili.

Faiba na gundi yake hazishiki kutu, hilo ni sawa, ila zinashikilia nini? Zinashikilia kingo za bati lililooza, na zile kingo zitaendelea kuoza. Kwenye kipande cha urembo ambacho hakibebi chochote unaweza ukavumilia, lakini sakafu inabeba kiti, kiti kinakubeba wewe, na sehemu nyingi mkanda wa usalama umefungwa jirani kabisa na hapo. Siku ya ajali ule mkanda unavutwa kwa nguvu kubwa kuliko unavyoweza kufikiria na hautakiwi uwe umefungwa kwenye gundi. Hali ni hiyohiyo kwa vizingiti vya mlango, chesisi, pale shokabu inapofungwa kwa juu, na pale mikono ya magurudumu inapoanzia. Hizo sehemu hazina mjadala, zinakatwa mpaka kwenye chuma kizima na kuchomelewa bati jipya lenye unene uleule au zaidi.

Mwambie mchomeleaji haya, usione aibu, gari ni yako. Atoe waya za betri kabla ya kuanza, na kama gari ina kompyuta ni lazima zaidi. Kapeti, sponji na waya zinazopita upande wa pili wa bati ziondolewe, moto mwingi wa gereji unaanzia kwenye sponji lililosahaulika chini ya kapeti. Ajue paipu ya mafuta na tangi viko wapi. Bati lenye zinki liondolewe zinki pale pa kuchomelea kwa sababu moshi wake unaleta homa na kutetemeka. Na asisafishe kwa ile dawa ya kusafishia breki yenye klorini alafu akachomelea papo hapo, joto linaigeuza gesi inaitwa fosjini, ni sumu ya kuua.

Baada ya hapo mshono uzibwe kwa silanti ya mishono, epoksi juu na chini, nta. Alafu, na hili ni muhimu kuliko hata kuchomelea, jiulize lile tundu limetoka wapi. Maji yaliingilia wapi mpaka yakakaa chini ya kapeti? Mara nyingi ni mpira wa mlango uliokufa, au mpira wa kioo cha mbele, au lile bonde chini ya waipa limejaa majani na maji yanafurika yanaingia ndani, au gari ina kidirisha cha juu na mirija yake ya kutolea maji imeziba. Mwagia maji kutoka juu mtu mwingine akiwa ndani na tochi. Usipopata chanzo, baada ya miaka mitatu utaniandikia tena.

Hivi zile dawa za kugeuza kutu kuwa nyeusi zinafanya kazi kweli?

Zinafanya, kwenye kutu ya juujuu iliyoshikamana. Nyingi zina asidi ya fosforasi, inageuza kutu kuwa fosfeti ya chuma, nyingine zina asidi ya tanini ambayo inatoa ile rangi nyeusi ya kama bluu. Zote mbili zinaibadilisha kutu iwe kitu kilichotulia kinachopokea rangi. Ambacho hazifanyi ni kurudisha chuma kilichokwisha liwa, na hazipenyi kwenye tabaka nene. Watu wanapaka juu ya magamba, gamba la juu linageuka jeusi, chini yake bado jekundu, baada ya muda gamba zima linadondoka na dawa yake.

Kwanza piga brashi ya waya mpaka magamba yote yatoke, osha mafuta, ndo upake, na uiache muda ulioandikwa kwenye kopo. Usipake kwenye chuma kisafi ukidhani ni kinga. Na zile za fosforasi angalia maelekezo, kama yanasema suuza basi suuza ukaushe, manake epoksi haipatani na asidi iliyobaki, rangi itakuja kubanduka kama ngozi iliyoungua. Ukiweza kufika kwenye chuma kinachong'aa kwa msasa, hicho ndo bora siku zote, dawa hii mimi naitumia pale mkono na grainda havifiki.

Kwa vitu vidogo kama bolti na mabano, vitumbukize kwenye siki au asidi ya limau iliyoyeyushwa kwenye maji usiku mmoja, suuza, kausha haraka, paka mafuta. Ila springi na bolti ngumu za kubeba mzigo usizilaze kwenye asidi, hidrojeni inaingia ndani ya chuma hicho kigumu na kukifanya kivunjike ghafla.

Nikiosha gari jioni, asubuhi diski za breki zina kutu nyekundu. Nizibadilishe?

Hapana. Ni utando tu, ukikanyaga breki mara chache unafutika. Cha kuhofia ni paipu za breki, zile nyembamba za chuma zinazopita chini ya gari kwenda nyuma. Zikiwa na utando mwekundu tu safisha upake grisi au nta, lakini zikiwa zimevimba magamba, hasa kwenye vibanio na nyuma ya tangi ambapo tope linakaa, badilisha zote, usikate kipande. Zipo za mchanganyiko wa kopa na nikeli ambazo hazishiki kutu hivyo. Paipu inapasuka siku unayokanyaga breki kwa nguvu zote, yani siku ile unayoihitaji kuliko zote.

Nataka kununua gari ya zamani. Nitajuaje kama kutu imefichwa?

Hili nalijibu kwa uchungu kidogo. Miaka iliyopita nilinunua pikapu inang'aa, muuzaji mtu wa heshima zake, nikaridhika na injini nikalipa. Mwezi wa pili naipiga jeki nibadilishe tairi, jeki ikazama kwenye kizingiti kama inaingia kwenye mkate. Ndani walikuwa wamejaza magazeti na lile povu la kuzibia, juu puti, juu rangi. Nilikaa chini pale kwa muda mrefu. Kukata na kuchomelea kulizidi bei niliyoinunulia.

Tangu siku hiyo nikienda kuangalia gari nabeba tochi, bisibisi na kisumaku kidogo kilichofungwa kwenye kitambaa kisikwaruze. Sumaku ikigusa bati inashika, ikigusa puti nene inadondoka au inashika kwa ulegevu, pitisha kwenye madigadi, chini ya milango, vizingiti, kona za buti. Kumbuka tu baadhi ya gari zina boneti ya aluminiamu au fenda za plastiki, hapo sumaku haishiki na siyo wizi.

Inua kapeti, ya mbele na ya nyuma, weka mkono chini yake, ukisikia ubaridi wa maji au harufu ya uvungu uliofungiwa, shuku. Toa tairi la akiba uangalie lile shimo lake. Omba gari inyanyuliwe, alafu kwa ruhusa ya mwenye gari gonga na usukume kwa ncha ya bisibisi kwenye chesisi, vizingiti, na pale mikono ya magurudumu ya nyuma inapofungwa. Chuma kizima kinatoa mlio mkali, kilichooza kinatoa mlio mfu na bisibisi inazama. Kama mwenye gari anakataa usiguse chini, mshukuru uondoke. Na gari iliyopakwa lami mpya nyeusi chini wiki moja kabla ya kuuzwa mimi siinunui hata kwa nusu bei.

Uliza pia gari imeishi wapi. Iliyokaa karibu na bahari, au iliyotoka nchi za theluji wanakomwaga chumvi barabarani, hata ikiwa na kilomita chache inaweza kuwa imeliwa kuliko iliyotembea sana kwenye ukavu.

Jirani ana gari ya umri sawa na yangu na yake haina hata doa. Tunaosha pamoja, tunalaza pamoja. Kwa nini?

Inawezekana ya kwake imezaliwa na zinki. Bati likipakwa zinki kiwandani, zinki inajitoa mhanga, inaliwa yenyewe kwanza na chuma kinapona hata pakiwa na mkwaruzo. Porsche walianza kutumia bati la zinki kwa bodi ya 911 katikati ya miaka ya 1970, Audi 80 iliyotoka 1986 ikaja na bodi nzima ya zinki, na baadaye wengine wengi wakafuata. Gari mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa vitu tofauti kabisa kwa ndani. Ila jirani asilale, zinki inaisha, na popote gari ilipowahi kugongwa ikanyooshwa na kupigwa grainda zinki ya pale imekwisha ondoka, pale ndo pataanza.

Nimenunua kifaa cha umeme unafunga kwenye betri wanasema kinazuia kutu gari nzima. Kinafaa?

Hakifai, na nasikitika manake umeshakinunua.

Sayansi wanayoitaja ni ya kweli na ya zamani, Humphry Davy wa Uingereza aliionyesha mwaka 1824 alipolinda mabati ya kopa chini ya meli kwa kuunganisha vipande vya zinki au chuma. Leo meli na mabomba yaliyofukiwa yanalindwa kwa njia hiyo. Lakini meli imezama kwenye maji ya chumvi na bomba limezungukwa na udongo wenye unyevu, ule umeme unapata njia ya kuzunguka na kurudi. Gari iko hewani. Maji yake ni matone, utando, tope la hapa na pale, havijaungana, umeme wa kile kifaa hauna pa kupitia kufika kwenye mshono wa mlango wako. Betri itaisha na kutu itaendelea.

Maji ya rejeta yangu ni ya kahawia kama chai. Ni kutu?

Ndiyo, mara nyingi ni kutu ya ndani ya bloku ya injini. Inatokea ukitumia maji matupu ya bomba. Kulanti, yani ile dawa ya kuweka kwenye rejeta, siyo ya kuzuia kuganda tu, ndani ina dawa za kuzuia kutu na hizo dawa zinaisha hata kama maji hayajapungua. Injini ikiwa imepoa, mwaga yote, suuza mpaka yatoke meupe, jaza kulanti iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari yako, kama ni ya kuchanganya changanya na maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi. Usichanganye aina mbili za kulanti, nyingine zikikutana zinaganda kama uji.

Fundi, hakuna dawa ya kupaka mara moja ikaisha moja kwa moja?

Hakuna. Mnara wa Eiffel umesimama tangu 1889 na ni chuma, unapakwa rangi upya takriban kila miaka saba mpaka leo. Gari yako inahitaji muda mdogo sana kuliko huo mnara. Kuosha chini siyo juu tu, hasa baada ya tope au kutembea pwani, na kuingiza maji ndani ya madigadi pale tope linapojificha. Kuzibua vitundu kabla ya msimu wa mvua. Kokoto ikirusha rangi ukaona chuma, safisha upake hata kwa kibrashi kidogo siku hiyohiyo. Nta au lanolini chini mara moja kwa mwaka.

Nasafiri, gari itakaa mwaka mzima bila kuwashwa. Niifunike turubai la plastiki?

Plastiki usithubutu. Unyevu unapanda kutoka ardhini usiku, unagonga plastiki, unarudi kwenye bati kama jasho, na mwaka mzima gari inakuwa imelala ndani ya maji. Bora kivuli chenye paa na upepo unaopita, na kama ni kufunika tumia kitambaa kinachopumua. Usiipaki juu ya majani wala udongo mtupu, tafuta saruji, au tandika kitu kizito cha kuzuia unyevu wa chini.

Kabla ya kuondoka ioshe juu na chini, iendeshe kama saa nzima ili joto likaushe mishono, ekzosi na ndani ya breki, alafu ndo uipaki. Usiiegeshe ikiwa imelowa kwenye gereji iliyofungwa isiyo na hewa, joto na unyevu pamoja vinaharakisha kutu kuliko ukiiacha nje kwenye upepo. Kama tangi la mafuta ni la chuma lijaze, sehemu tupu ya juu ndo inayotokwa jasho na kushika kutu, kisha kutu hiyo inashuka kuziba filta. Acha vioo wazi upana wa kidole kama pana usalama, toa mikeka yote na chochote cha kitambaa sakafuni. Usivute breki ya mkono, iache kwenye gia na uweke vigingi kwenye matairi, maana kwa mwaka mzima breki zinaweza kushikana na ngoma kwa kutu na ukirudi gurudumu halizunguki. Toa waya za betri. Na mwachie mtu ufunguo, kila mwezi afungue milango yote minne asubuhi ya jua, aache wazi mpaka mchana, apapase chini ya kapeti.

Akikuta palipolowa akupigie simu siku hiyohiyo.